Kutoka kwa Bwana Msa Hadi kwa Sherlock Holmes
Mazungumzo ya redio kwa vikundi vya masomo ya watu wazima

 Natumaini kila kikundi kina mwenyekiti wake, na katibu anayo daftari mkononi, maana mwishoni mwa mazungumzo haya nitatoa maswali ya kujadiliana.

Somo letu la leo ni juu ya vitabu, lakini tutaanzia zizini.

Tuseme mtu ameamka alfajiri akakuta ng'ombe wake wawili hawamo zizini. Atafanya nini? Njia ni mbili, na sote twazijua. Njia ya kwanza ni kupiga yowe, kuita majirani, na kutazama ardhi. Je, mlango wa zizi umevunjwa au umefunguliwa taratibu? Kwato zimeelekea wapi? Nyayo za watu ni za mtu mmoja au za watu watatu? Njia ya pili ni kuchukua fedha na kwenda kwa mpiga ramli. Huyo haji zizini, wala hatazami alama hata moja, ila anataja jina.

Sasa pimeni njia hizo mbili. Anayefuata kwato aweza kukosea, lakini majirani wote waliofuatana naye wanaona anachokiona, na yeyote kati yao aweza kumwambia, "Hapana, bwana, nyayo hizi ni za jana, mvua imezipiga." Naye atasimama, atainama, atatazama tena. Lakini yule aliyetajiwa jina hana cha kutazama. Amepewa mwisho wa safari bila kuonyeshwa njia.

Iko aina ya vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watu wanaotaka kuonyeshwa njia. Vitabu hivyo huitwa hadithi za upelelezi. Leo nataka kuwaonyesha jinsi ya kuingia katika nyumba hiyo kwa mlango wetu wenyewe, mlango wa Kiswahili, na kisha kutembea mpaka vyumba vya ndani vilivyojengwa zamani na watu wa mbali.

Mlango wenyewe ni kitabu kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale, alichokiandika Bwana Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mwandishi huyu alizaliwa Makunduchi katika mwaka 1918. Alipomaliza masomo alifanya kazi katika Idara ya Afya kama mkaguzi, akakaa katika kazi hiyo kwa muda wa miaka kumi. Katika mwaka 1948 akaingia katika kazi ya magazeti, na tangu mwaka 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima, gazeti lililowapa wakulima mafunzo ya kilimo. Alifariki mwaka 1991.

Hadithi yake ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa likichapisha vitabu kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1960 ikapigwa chapa, ikawa kitabu. Hiyo ndiyo hadithi ya upelelezi iliyofungua njia katika Kiswahili.

Kisa chenyewe ni hiki, nami nitakieleza mwanzo wake tu ili nisiwaharibie utamu. Tajiri mmoja mwenye mashamba anakutwa ameuawa, na mahali alipokutwa ni penye mzimu wa watu wa kale. Mnaelewa uzito wa jambo hilo. Mahali pa mzimu ni mahali pa kuogopwa. Mtu akifa hapo, nusu ya watu watakuwa wamekwisha kupata jibu kabla maiti haijazikwa: mzimu umemchukua. Na mtu akisema hivyo, maswali yote yamekwisha. Nani ataushitaki mzimu? Nani atauweka kizimbani?

Ndipo anapoingia Bwana Msa. Yeye si askari. Ni mtu mtulivu, mwenye kiko mdomoni, mwenye rafiki aitwaye Najum ambaye hufuatana naye huku na huku, akistaajabu na kuuliza yale ambayo sisi wasomaji tungependa kuuliza. Bwana Msa hawatukani watu kwa imani zao, wala hagombani na mzimu. Anauliza tu: marehemu alionekana wapi mara ya mwisho? Nani alikuwa na sababu ya kumtakia mabaya? Nani amesema neno hili leo, na jana alisema lile? Anakwenda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka woga unarudi nyuma na mkono wa mwanadamu unaonekana.

Bwana Abdulla aliendelea kuandika. Baada ya hicho vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Hata hilo jina la Giningi si la bure. Huko Zanzibar watu husimulia kwamba Giningi ni makao ya wachawi. Mwandishi alipenda kuwapeleka wasomaji mpaka mlangoni mwa jambo la kutisha, kisha akawasha taa.

Sasa, mtu aliyekwisha kusoma habari za Bwana Msa, akija siku moja kufungua kitabu cha mwandishi mmoja aitwaye Arthur Conan Doyle, atashtuka kidogo. Atamkuta mpelelezi asiye askari, mwenye kiko mdomoni, mwenye rafiki anayefuatana naye na kustaajabu. Mpelelezi huyo ni Sherlock Holmes, na rafiki yake ni Daktari Watson. Msomaji atadhani amekutana na jamaa ya Bwana Msa. Na kweli ni jamaa, ila Holmes ndiye mkubwa. Alitokea mara ya kwanza katika kitabu cha mwaka 1887, zaidi ya miaka thelathini kabla Bwana Abdulla hajazaliwa. Mwandishi wetu aliwasoma watu hawa wawili, akapendezwa nao, na Bwana Msa ni salamu zake za heshima kwa Holmes.

Je, huo ni wizi? Hapana. Huyo Conan Doyle naye alikuwa na mtu aliyemtangulia. Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha hadithi ya mauaji mjini Paris, ambamo bwana mmoja aitwaye Dupin anafumbua jambo lililowashinda polisi kwa kufikiri tu. Na huyo Dupin pia ana rafiki anayesimulia mambo yake. Katika kitabu cha kwanza cha Sherlock Holmes, Daktari Watson anamfananisha rafiki yake na Dupin, na Holmes anakasirika na kumdharau Dupin, kama kijana mcheza ngoma asiyetaka kufananishwa na manju wa zamani. Kumbe wimbo ameuchukua kwa yule yule. Ninyi mnaojua mashindano ya ngoma za Kisukuma hamhitaji kuelezwa jambo hili. Manju hujifunza kwa manju, halafu hutia lake.

Na Bwana Abdulla alitia lake. Holmes hutazama matope ya viatu na majivu ya tumbaku. Ana mizani na chupa za dawa za kupimia. Bwana Msa hutazama zaidi watu na maneno yao. Mafumbo yake mengi yamefungwa katika nasaba na urithi: nani mtoto wa nani, shamba litakwenda kwa nani, siri gani ilifichwa na wazee miaka mingi. Hayo ni mambo ya kwetu. Basi tunapomsoma Bwana Msa tunajifunza desturi za hadithi hizi katika lugha tunayoielewa na katika mambo tunayoyajua. Na tukifika kwa Holmes, ugeni umekwisha kupungua. Ndiyo maana nasema huyu wa karibuni anatufungulia mlango wa wale wa kale.

Hebu tuingie ndani kidogo tuone hazina iliyoko. Nimechagua visa viwili vinavyowafaa watu wa mifugo.

Cha kwanza kilitoka mwaka 1904. Mtoto wa mtu mkubwa amepotea usiku kutoka shule moja kaskazini ya Uingereza. Holmes na Watson wanatafuta alama katika mbuga yenye majimaji. Wanaona kwato za ng'ombe mahali pengi. Watu wengi wangezipita, maana kwato za ng'ombe mbugani ni ajabu gani? Lakini baadaye Holmes anajiuliza swali ambalo mchungaji yeyote wa hapa angejiuliza: kwato tumeziona kote, mbona ng'ombe mwenyewe hatujamwona hata mmoja? Tena ng'ombe gani huyu ambaye mahali pengine anatembea, pengine anakwenda mbio za taratibu, na pengine anatimka kama farasi? Jibu ni kwamba hakuwa ng'ombe. Walikuwa farasi waliovalishwa vyuma vilivyochongwa kwa mfano wa kwato za ng'ombe ili kuwapoteza wafuatiliaji. Farasi, kama punda, ana kwato isiyopasuka. Ng'ombe ana kwato iliyopasuka. Mwizi alijua kubadili umbo la alama, lakini hakuweza kubadili mwendo wa mnyama.

Kisa cha pili ni kirefu zaidi, nacho ni kitabu cha mwaka 1902 kiitwacho The Hound of the Baskervilles, yaani Mbwa wa Ukoo wa Baskerville. Hiki ndicho kinachofanana sana na Mzimu wa Watu wa Kale. Ukoo mmoja wa kitajiri unaaminiwa kuwa na laana: tangu enzi ya babu mmoja mwovu, jibwa la kuzimu huwafuata watu wa ukoo huo na kuwaua. Siku moja mzee wa ukoo, Sir Charles, anakutwa amekufa nje ya nyumba yake usiku, bila jeraha lolote. Mnaona? Uingereza yenye reli na simu ya waya, na watu wake wanatetemeka kwa habari za jibwa la kuzimu. Woga wa namna hii si wa taifa moja.

Basi palikuwa na alama za miguu ya marehemu njiani. Mpaka kwenye lango fulani, nyayo zake zilikuwa nzima, kisigino na vidole. Baada ya lango, vilionekana vidole tu. Watu walioziona wakasema: mzee alikuwa akinyata. Holmes akasikia habari hiyo akasema: hakuwa akinyata, alikuwa akikimbia, alikuwa akikimbia kuokoa roho yake.

Tusimame hapa, maana hapa ndipo penye somo. Alama ni ile ile moja. Macho ya watu wote yaliiona sawasawa. Lakini wale wa kwanza waliishika sababu ya kwanza iliyowajia, wakaridhika. Holmes alijiuliza: ni mambo gani mengine yanayoweza kumfanya mtu akanyage kwa vidole? Alama haijawa ushahidi mpaka tumeuliza sababu zake zote na kuzipima moja moja.

Sasa, wasikilizaji wangu, nitasema jambo zito, na naomba wazee wanisikilize kwa uvumilivu.

Katika mikoa yetu hii ya Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, akina mama wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Na moja ya alama zilizotumiwa kuwahukumu ni macho mekundu. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, mtu akaenda kupiga ramli, jina likatajwa, na watu wakasema, "Hamuoni macho yake yalivyo mekundu?"

Macho mekundu ni alama. Hakuna anayekataa kwamba ni mekundu. Lakini tuulize kama alivyouliza Holmes juu ya zile nyayo: ni mambo gani yanayofanya macho ya mama mzee kuwa mekundu? Katika nchi yetu miti imepungua. Mama huyu amepika kwa miaka hamsini katika jiko lililojaa moshi, akiwasha samadi kavu, mabua ya mtama na miti mikavu ya pamba. Moshi huo huchoma macho. Uko pia ugonjwa wa vikope, ambao huanza utotoni na kuharibu macho ya wengi, hasa akina mama wanaolea watoto. Basi macho yale mekundu yanatueleza nini? Yanatueleza kwamba mama huyu aliwapikia watu chakula maisha yake yote. Alama iliyopaswa kutufanya tumshukuru na kumpeleka hospitali, imefanywa alama ya kumwua.

Na kama Bwana Msa angefika kijini siku hiyo, angeuliza maswali mengine pia. Shamba la mama huyu litakwenda kwa nani? Nani aliyelipa fedha za ramli? Nani wa kwanza kulitaja jina lake, na kabla ya hapo walikuwa na ugomvi gani? Wauaji wa kwenye vitabu hujificha nyuma ya mzimu na nyuma ya jibwa la kuzimu kwa sababu wanajua kwamba watu wenye woga hawaulizi. Wauaji wa kweli wanajua hivyo hivyo.

Serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, nayo inamkataza mtu kumsingizia mwenzake uchawi ovyo. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inasema kwamba mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kwamba ametenda. Lakini sheria iko kwenye karatasi na hakimu yuko mbali. Usiku ule jina linapotajwa, aliye karibu ni jirani. Kama jirani amezoea kuuliza, "Umejuaje? Tuonyeshe njia," huenda roho ya mtu ikaokoka.

Hapo ndipo ninapoona faida kubwa ya vitabu hivi. Msomaji wa hadithi za upelelezi anazoezwa, kwa furaha na bila viboko, kutoridhika na jina tupu. Kurasa zote mwandishi humwekea dalili mbele ya macho. Na mwishoni mpelelezi hana ruhusa ya kutaja jina na kwenda zake. Lazima akae mbele ya watu wote aeleze alianza na alama gani, akaipimaje, akawaondoaje wasio na hatia mmoja mmoja. Asipoeleza, msomaji anatupa kitabu. Laiti tungekuwa wakali hivyo kwa wapiga ramli!

Neno moja la tahadhari. Holmes na Bwana Msa ni watu wa hadithi. Mwandishi wao amepanga mambo ili wapate. Sisi si watu wa hadithi. Aliyesoma vitabu vitatu asijifanye mpelelezi wa kata na kukamata watu. Kazi yetu ni kuangalia vizuri, kusema tulichokiona bila kuongeza, kutovuruga mahali pa tukio, na kupeleka habari polisi na mahakamani.

Sasa, namna ya kusoma. Anzeni na Mzimu wa Watu wa Kale. Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye methali na mafumbo. Baadhi ya maneno yatakuwa mageni kwa sisi wa bara, basi katibu ayaandike, na kikundi kiyatafute katika kamusi. Mmoja asome kwa sauti, sura moja kila mkutano, na kila sura ikiisha, kila mtu aseme anamshuku nani na kwa sababu gani. Sababu ndizo ziandikwe daftarini, si majina peke yake. Baada ya hapo mwaweza kusoma Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, kilichotoka mwaka 1965, mwone jinsi upelelezi ulivyoingia mikononi mwa polisi na katika maisha ya mjini. Kisha wale wanaosoma Kiingereza wafungue Sherlock Holmes. Vipo vitabu vyake vilivyoandikwa upya kwa Kiingereza chepesi kwa wanafunzi. Hadithi zake fupi ni 56 na ndefu ni 4. Anayesoma awasimulie wenzake kwa Kiswahili au kwa Kisukuma jioni, wala asiwe mchoyo. Ila mwisho autunze mpaka wote wamekisia.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi ni haya:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumjua mkosaji kwa kufuata nyayo na kwa kutajiwa jina?
2. Kwa nini Holmes alishuku zile kwato za ng'ombe? Wafugaji katika kikundi waeleze wao wangetambua kwa dalili gani.
3. Taja alama moja ambayo watu wa kijiji chenu huifanya kuwa ushahidi. Ina sababu ngapi nyingine?
4. Jina la mama mzee likitajwa usiku wa leo, nani katika kikundi hiki atasimama na kuuliza, "Umejuaje?" Na wengine watamsaidiaje?

Swali la nne msilipite haraka. Kaeni nalo mpaka mpate jibu, mliandike daftarini, na kila mtu atie sahihi yake au alama ya kidole.